Tupeane uzoefu: kimbunga kilipokaribia pwani yetu, ulikifuatiliaje na ulikosea wapi?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu wafuatiliaji wa hali ya hewa, nawasalimu. Nimeanzisha mada hii ili sisi tunaokesha na picha za setilaiti kila mgandamizo mdogo wa hewa unapojikusanya kaskazini ya Madagaska tuweke pamoja yale tuliyoyaona kwa macho yetu. Pwani yetu haina simulizi nyingi za vimbunga. Tuko karibu na Ikweta, ambako nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, ile inayokipa kimbunga msokoto wake, ni hafifu, na tena Madagaska imekaa mbele yetu kama ukuta unaopokea vingi vitokavyo mashariki. Uchache huo ndio unaonitia wasiwasi, kwa kuwa tusipoandika, kila kinapokuja kimoja tunaanza kujifunza upya kana kwamba hakijawahi kuja kingine.

Naanza na langu. Mwezi Aprili 2021 nilikifuatilia Jobo tangu kilipopewa jina. Mstari wa utabiri ulikuja moja kwa moja hadi pwani ya Tanzania, nami nikauamini kama mtu anavyoiamini ratiba ya treni. Niliwaambia majirani wote siku watakayoona upepo. Jobo kikadhoofika kikiwa bado baharini, kikatufikia kikiwa kimeisha nguvu, na mtaani kwetu asubuhi ile ilikuwa ya mawingu tu. Kosa langu ni kwamba nilitazama mstari wa njia peke yake, sikutazama kinachokila kimbunga kutoka juu: upepo wa ngazi za juu unaovuma kwa kasi na mwelekeo tofauti na wa chini, pamoja na hewa kavu inayoingia kwenye mawingu yake. Katika picha za siku mbili za mwisho mawingu yalikuwa yamesukumwa upande mmoja na kitovu kimebaki wazi. Niliziona picha hizo, nikazipita.

Gharama yake niliilipa miaka mitatu baadaye. Hidaya kilipopewa jina mwanzoni mwa Mei 2024, majirani wale wale waliniambia kwa upole kwamba hiki nacho kitakuwa kama kile cha mwaka ule. Naomba kila mchangiaji aeleze alitazama nini, alikosea wapi, na alichukua hatua gani.

Mchangiaji kutoka Mtwara

Mimi nitazungumzia Kenneth, cha Aprili 2019. Nchi ilikuwa bado inasikia habari za Idai, ambacho kilikuwa kimeipiga Beira katikati ya Machi, kwa hiyo tahadhari ilipotolewa kwa mikoa ya kusini hakuna aliyeipuuza. Shule zilifungwa, na waliokaa mabondeni wakatakiwa kuhama. Mimi nilikuwa na ramani ya utabiri kwenye simu, yenye ile koni inayopanuka kadiri siku zinavyosonga mbele, na mji wetu ulikuwa ukingoni mwa koni hiyo. Nilijua kwamba tumo hatarini, lakini sikujua jambo moja ambalo leo naliona ni la msingi: koni ile huonyesha mahali ambapo kitovu kinaweza kupita, haionyeshi upana wa dhoruba yenyewe. Unaweza ukawa nje ya koni na bado ukapigwa. Unaweza ukawa ndani yake na usipate kitu.

Tarehe 25 Aprili Kenneth kikaingia Cabo Delgado, upande wa pili wa Ruvuma, pungufu ya kilomita 250 kutoka hapa, kikiwa kimbunga chenye nguvu kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa kutua Msumbiji. Hapa Mtwara siku ilipita kwa amani. Jioni watu walianza kusema kwamba tumetishwa bure, na maneno hayo yaliniuma, maana wakati huo huo kulikuwa na vijiji upande wa pili vilivyokuwa havina paa hata moja. Kwa kimbunga kizima, kilomita 200 ni kama mtu kuhama upande mmoja wa kitanda kwenda mwingine. Aliyetuagiza tuhame mabondeni alifanya haki, na naandika hivi nikiwa na nyumba ambayo haikudondokewa hata na jani.

Mchangiaji kutoka Tanga, baharia mstaafu

Niongezee jambo ambalo vijana wa ramani za simu hulisahau. Katika nusu ya kusini ya dunia kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Maana yake, kikija kutoka mashariki kuelekea pwani yetu, walio kaskazini ya kitovu hupata upepo utokao bara, na walio kusini yake hupata upepo utokao baharini, wenye kuyasukuma maji kwenye ufukwe. Ndiyo sababu Mtwara ilikaa salama siku ya Kenneth: ilikuwa upande wa kaskazini. Kingetua kaskazini ya Mtwara, tungekuwa tunasimulia mengine kabisa. Kwa hiyo unaposikia jina la mahali ambapo kitovu kinatarajiwa kutua, usimwonee huruma aliyepo hapo peke yake. Mtafute aliye kusini yake umpigie simu.

Kanuni ya pili haihitaji intaneti. Buys Ballot, mwanasayansi wa Uholanzi, aliiandika mwaka 1857 na mabaharia wameitumia tangu wakati huo. Ukiwa kusini ya Ikweta, simama mahali pa wazi, upe upepo mgongo. Kitovu kiko upande wa mkono wako wa kulia. Si sahihi kwa digrii, na majengo au vilima hupotosha, lakini ufukweni inatosha kukuambia dhoruba iko pande gani na kama inahama.

La tatu ni saa. Taarifa za kituo cha kanda kilichopo Réunion hutoka kila baada ya saa 6, nazo huandikwa kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa 3. Ukisoma kumi na mbili juu ya alama, kwetu ni saa 9 alasiri, si adhuhuri. Nimewaona watu wakitangaza mahali kilipo kimbunga huku wakiwa wamekosea kwa saa 3, na ndani ya saa 3 chombo hicho huweza kusogea makumi ya kilomita.

Mchangiaji kutoka Kilwa Masoko

Nimesoma maneno ya mzee wa Tanga na mwili umenisisimka, kwa sababu yeye ameeleza kwa kanuni kile nilichokipitia siku ya Hidaya. Naomba nieleze kwa kirefu.

Simu yangu ina barometa ndani yake. Wakati wa Jobo niliigundua programu inayoisoma, nikaona alasiri mgandamizo umeshuka kwa karibu hektopaskali 3 tangu asubuhi, nikaamini kwamba kimbunga kimekaribia. Baadaye nilijifunza kwamba katika nchi za joto hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa: hupanda hadi kilele karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hushuka karibu saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri. Kushuka kule kulikuwa kwa kila siku. Tangu hapo nikawa na daftari la kawaida la shule, nimelipiga mistari, nikawa naandika namba nne kwa siku kila dhoruba inapotajwa, ili niijue kawaida ya hapa kwetu kabla ya kutafuta kisicho cha kawaida.

Siku za mwanzo za Mei 2024 daftari lilikuwa na mawimbi yake yale yale. Tarehe 3 upepo ulikuwa wa kusini, na mjomba wangu, ambaye ni mvuvi, akasema kusi imeingia mapema mwaka huu. Maneno yake yalikuwa na mantiki, maana Mei ndio mwezi wake, na upepo unaotangulia kimbunga kilicho mashariki yetu hutoka kusini vile vile. Huo ndio mtego. Kwa ngozi huwezi kuutenganisha upepo wa majira na upepo wa kimbunga.

Kilichonistua kilikuwa namba ya saa 4 asubuhi ya tarehe 4. Ilitakiwa kupanda. Kila asubuhi katika ukurasa ule ilikuwa imepanda, na asubuhi hiyo ilibaki chini ya namba ya alfajiri. Nilitoka nje, nikaupa upepo mgongo. Ulikuwa umeacha kuwa kusi ya moja kwa moja, sasa ulitokea kusini mashariki, na mkono wangu wa kulia ulielekea upande wa Mafia. Nilimpelekea mjomba daftari. Yeye hasomi hektopaskali, lakini aliutazama ule mstari wa asubuhi zote uliokuwa ukipanda na asubuhi moja iliyokataa, akanyamaza kidogo, kisha akaenda kuwaita wenzake wakapandisha mashua juu, mbali kuliko kawaida, na kuzifunga kwenye minazi. Mchana upepo ukageuka kuwa matlai, ukitoka baharini uso kwa uso, na mvua ikawa haina mapumziko.

Tulipata bahati moja ambayo sijaona ikitajwa sana. Mwezi mpya ulikuwa bado siku nne mbele, kwa hiyo bamvua ilikuwa haijafika. Maji yale yale yangesukumwa tarehe 8 au 9, ufukwe wa hapa ungekuwa na habari nyingine.

Sasa kosa langu. Kitovu kilitua Mafia, na usiku wa tarehe 4 ikatangazwa kwamba Hidaya kimepoteza nguvu. Nilifunga daftari, nikawatumia ndugu ujumbe kwamba yamekwisha, nikalala. Mvua haikujua kwamba jina limefutwa. Kimbunga kilichokufa kwa upepo bado kilikuwa kimebeba maji yote yale, na maji hayo yalimwagwa kusini, juu yetu. Barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ilikatwa eneo la Somanga, na kaka yangu, ambaye alisafiri kwa kuuamini ujumbe wangu, alikaa njiani na watoto wawili, upande mmoja wa maji, akiyatazama magari ya upande wa pili. Hawakudhurika. Lakini ujumbe ule niliuandika mimi.

Mchangiaji kutoka Unguja

Huku kwetu Hidaya tulikijua zaidi kwa kusimama kwa boti za kwenda Dar es Salaam kuliko kwa upepo. Nachangia kwa sababu mwanzisha mada amesema pwani yetu haina simulizi nyingi. Ni chache, lakini zipo, na nyingine ni nzito. Tarehe 15 Aprili 1872, katika siku za mwanzo za utawala wa Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha merikebu bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na kuanzia hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Kilomita chache za bahari ziliamua utajiri ukae wapi kwa vizazi. Halafu tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 baadaye kwa tarehe ile ile, kimbunga kingine kikaingia Lindi na kuua watu. Tarehe kufanana ni sadfa tu, lakini mwezi si sadfa: Aprili na mwanzo wa Mei, bahari ikiwa bado na joto la kiangazi, ndipo vinapotufikia. Mimi kalenda yangu ya kufuatilia naifungua Machi na siifungi hadi mwisho wa Mei.

Mchangiaji kutoka Lamu

Mwisho wa Mei hasa, mkuu. Ialy kilikuja baada ya Hidaya, mwezi ule ule, na badala ya kwenda magharibi kikapanda kaskazini mpaka usawa wetu, mahali ambapo vitabu vinasema kimbunga ni nadra mno kufika. Hakikutua, ila bahari ilichafuka kwa siku kadhaa na wavuvi wakakaa nyumbani. Mimi sikukifuatilia kabisa, kwa kuamini kwamba Ikweta inatulinda.

Mwanzisha mada

Nawashukuru nyote. Ndugu wa Kilwa, nina swali. Siku hizi dhoruba ikishatangazwa kufa, unawaambia nini ndugu zako?

Mchangiaji kutoka Kilwa Masoko

Siwaambii kwamba yamekwisha. Naendelea kuandika namba nne kwa siku hadi saa 4 ya asubuhi ipande tena kama zamani, kisha naongeza siku mbili za kuuliza hali ya mito na madaraja kwa watu walio njiani wenyewe. Baada ya Hidaya namba ilirudi kupanda mapema, wakati kaka yangu bado yuko Somanga. Kwa hiyo katika daftari jipya nimeongeza safu ya tano, ya barabara, na mjomba ndiye anayenikumbusha kuijaza.