Nani huandika miswada ya majimbo ya Marekani?

Msomaji wa Sheria: Wanajukwaa, habari zenu. Nasikia kwamba katika mabunge ya majimbo ya Marekani hufika miswada ambayo makampuni yameshiriki kuiandaa, na mbunge hubadilisha jina la jimbo tu. Jambo hili hufanyikaje, na mwananchi atalitambuaje?

Mchambuzi: Ndugu yangu, chombo kinachotajwa zaidi ni American Legislative Exchange Council, yaani ALEC, kilichoanzishwa mwaka 1973. Katika kamati zake wabunge wa majimbo huketi pamoja na wawakilishi wa makampuni na kujadili miswada ya mfano, kisha mbunge huuchukua mmojawapo na kuuwasilisha katika bunge la jimbo lake kama wake. Kinachoniuma ni huko kufichwa kwa mwandishi. Mwaka 2011 mbunge mmoja wa Florida aliwasilisha azimio la kuitaka serikali kuu ipunguze kodi ya makampuni, na ndani yake ikasalia sentensi iliyoeleza dhamira ya ALEC kwa jina lake. Azimio likaondolewa upesi, likarudishwa bila sentensi ile. Isingekuwa kusahau huko, wapiga kura wangejuaje lilikotoka?

Bi. Mkutubi: Naafiki, ila tusihukumu kila muswada wa mfano. Tume ya kuoanisha sheria za majimbo ipo tangu 1892, na ilishiriki kutunga sheria ya biashara inayotumika karibu nchi nzima, baada ya rasimu kujadiliwa hadharani. Tukumbuke pia kwamba mbunge wa New Hampshire hulipwa dola 100 kwa mwaka. Mtu wa namna hiyo, asiye na msaidizi wa kumwandikia, akiletewa muswada uliokamilika ataupokea kwa mikono miwili.

Mchambuzi: Ni kweli, Bi. Mkutubi, na ndiyo maana wingi wa miswada ya kunakiliwa unatisha. Mwaka 2019 waandishi wa gazeti la USA Today na wenzao walilinganisha maandishi ya miswada kwa kompyuta, wakakuta katika miaka minane miswada zaidi ya 10,000 ambayo karibu maandishi yake yote yalinakiliwa kutoka miswada ya mfano, na zaidi ya 2,100 ikawa sheria. Msomaji, nawe chukua katika muswada unaoutilia shaka sentensi moja yenye maneno yasiyo ya kawaida, uitafute katika tovuti za mabunge mengine. Ukiikuta neno kwa neno katika majimbo matatu, mwulize mbunge, tena mbele ya kamati, ni nani aliyeiandika.