Pango la Kuumbi, Jambiani (Unguja): twende saa ngapi, tubebe nini?

Pweza: Wakuu, tupo Paje wiki hii. Nataka kuwapeleka watoto (miaka 7 na 11) Kuumbi. Kuna cha kuona au ni shimo tu?

Maweni: Mkuu, kama mnatafuta michoro ukutani mtarudi mmenuna. Cha kuona ni pango lenyewe, na sehemu ya paa iliyoporomoka ikaacha mwanga uingie. Haliko ufukweni, liko ndani kama kilomita 2.5. Daladala ya 309 inawafikisha Jambiani. Hapo tafuteni mwenyeji, mpatane bei kabla ya kuondoka.

Ndala acheni nyumbani, ncha za jiwe la matumbawe zinachana. Tochi za kichwani, siyo simu, maana mkishuka mtataka mikono yote miwili. Maji lita moja kila mtu. Saa mbili asubuhi iwakute njiani, jua la maweni halina huruma. Mvua ikinyesha usiku, ahirisheni: jiwe linateleza kama sabuni.

Chaza: Na popo je? Kinyesi chao kikikauka, ukikikanyaga vumbi lake linaweza kubeba kuvu wa kuathiri mapafu. Vaeni barakoa, watoto wasikimbie humo ndani, na mwenye pumu abaki kwenye mwanga. Popo hata aliyekufa asiguswe.

Jingine: watu bado wanapeleka nadhiri pale. Mkikuta vitambaa au chetezo, msiguse, na picha ombeni ruhusa kwa mwenyeji.

Pweza: Shukrani. Huyu wa miaka 7 atauliza "kwani kuna nini?" Nimjibu nini?

Maweni: Mwambie punda milia! Mifupa yao na ya nyati imefukuliwa humo. Miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita kama 120, na mkondo kati ya Unguja na bara hauna kina kirefu, kwa hiyo palikuwa nchi kavu. Walikuja kwa miguu, siyo kwa jahazi.

Ila wasiokote kitu, hata kigae au kipande cha mfupa. Umri wake unasomwa kwa tabaka la udongo kilimolala. Kikishatiwa mfukoni, hakuna mtaalamu wa kukirudishia umri huo.

Chaza: Mkipita Kilifi, Kenya, ulizieni pango la Panga ya Saidi. Mtoto wa miaka kama mitatu alizikwa humo miaka 78,000 iliyopita, amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani. Huyo wa miaka 7 hatauliza tena.