Meli za kuvua kamba wa baharini zinavuka mstari Ghuba ya Ungwana, na hasara yote ni ya mvuvi mdogo

Ndugu zangu wa pwani, sisi tunaovua kati ya Ngomeni na Kipini, pwani ya Kenya, hatudai bahari nzima. Tunadai kile kipande chembamba ambacho sheria yenyewe imetuachia. Mpango wa kusimamia uvuvi wa kamba wa mwaka 2010 unazikataza meli za kukokota nyavu kuvua ndani ya maili 3 za baharini kutoka ufukweni, unazifungia tangu Novemba hadi mwisho wa Machi, na unazitaka zivue mchana peke yake. Basi ni nani aliyeziruhusu zile ambazo taa zake tunaziona usiku tukiwa barazani, na mngurumo wa mashine zake unatufikia hadi ndani ya nyumba?

Anayeijua ghuba hii anajua pia kwa nini zinasogea. Mto Tana na Mto Sabaki humwaga tope humu, na kamba hupenda tope na maji machache, kwa hiyo mavuno mazuri yako karibu na nchi kavu. Masika ikikolea na mito ikijaa, kamba huwa wengi, na ndio wakati ambapo meli zimekwisha kufunguliwa. Lakini ndio wakati pia ambapo kusi inavuma, na mwenye mtumbwi au dau dogo hawezi kuthubutu kwenda mbali. Meli ina bahari yote ya nje. Sisi miezi hiyo hatuna pengine pa kutega ila hapo hapo inapokuja kukokota.

Msimu uliopita tulitega jarife, wavu wetu wa kutega, jioni, na alfajiri tukakuta kipande cha ugwe wa juu na maboya machache, ncha zimechanika nyuzi nyuzi, wavu wenyewe haupo. Jarife hilo lilikuwa la mkopo wa tajiri, na deni linaendelea kukatwa katika kila kilo tunayopeleka kwenye mizani. Ufukweni walitapakaa fumi wachanga na vitaa vidogo kama kiganja, wamekufa, kwa kuwa meli hubakisha kamba na kumwaga kilichobaki. Samaki hao wangekua, wangekuwa riziki ya akina mama wanaokaanga samaki vijijini mwetu.

Tulipopeleka malalamiko katika ofisi inayohusika, tuliambiwa tulete jina na nambari ya usajili ya meli. Mtu aliye ndani ya mtumbwi, usiku wa giza, atayasomaje maandishi ya ubavuni? Jibu hilo ni dharau, na nalisema hadharani.

Meli hizi zilisimamishwa mwaka 2006 kwa sababu ya ugomvi huu huu, zikarudi mwaka 2011 kwa masharti, na mstari uliokuwa maili 5 ukawa 3. Tulikwisha kupunguziwa. Hatukubali kupunguziwa tena kimyakimya.

Tunataka kumbukumbu za mienendo ya kila meli yenye leseni zifunguliwe kwa BMU zetu, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, kila mwezi, na mwenye meli iliyoonekana ndani ya mstari asipewe leseni nyingine kabla hajalipa nyavu alizoharibu. Aprili ikifika bila hayo, nitaweka hapa picha ya kila jarife litakalokatwa, pamoja na tarehe na mahali lilipokuwa limetegwa. Wenzangu wa Ngomeni, Kipini na Malindi mliopoteza nyavu, wekeni zenu pia.