Majirani wa Pasua, Moshi: Glory ana Divisheni 4, tunafanyaje?

Mama Glory: Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Matokeo ya Glory ya kidato cha nne ndiyo haya. Kiswahili C, Biolojia C, Uraia D, Historia D, Jiografia D, Kiingereza D, Kemia D, Fizikia F, Hisabati F. Divisheni 4 ya pointi 26. Tangu juzi hali chakula vizuri. Alitaka udaktari. Naomba mawazo, na mnieleze ukweli hata kama ni mchungu.

Baba Juma: Pole sana mama Glory. Pole kwa mtoto pia.

Mwl. Kessy: Marahaba. Mama Glory, hiyo "Divisheni 4" iweke pembeni kidogo. Vyuo haviangalii divisheni, vinaangalia somo kwa somo. Hesabu yenyewe iko hivi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na yanachukuliwa masomo 7 bora. C zake mbili ni 6, D tano ni 20, jumla 26. Divisheni 3 inaishia 25, amekosa pointi moja. Kilichomfungia kidato cha tano ni C. Zinatakiwa tatu, yeye anazo mbili.

Mama Glory: Kwa hiyo tano hamna kabisa?

Mwl. Kessy: Kwa kuchaguliwa na serikali (TAMISEMI), hamna. Usimpeleke mtoto kusubiri orodha ya waliochaguliwa, atapoteza miezi. Lakini ana D na zaidi katika masomo saba yasiyo ya dini. Mlango wa astashahada na stashahada unataka manne. Kwa hiyo mlango upo wazi, swali ni upi.

Rehema Steshenari: Shikamoo mwalimu. Naongezea kwenye afya maana watu wengi wanakuja kwangu wameshalipia ndipo tunagundua. Utabibu, yaani Clinical Medicine, unataka ufaulu wa masomo manne, na ndani yake lazima iwepo Kemia, Biolojia NA Fizikia. Glory ana F ya Fizikia. Akiomba utabibu mfumo utamkataa hata kama Biolojia yake ingekuwa A. Uuguzi nao unataka na Fizikia. Famasi ndiyo inayoangalia Kemia na Biolojia, na hizo anazo. Kabla ya kulipia chochote fungueni kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, cha mwaka huu, sifa za kila kozi zimeandikwa mle chuo kwa chuo. Na mwangalie kama chuo chenyewe kimo. Chuo kisichomo kwenye kitabu, msikitolee hata shilingi ya fomu.

Mama Glory: Famasi hajawahi kuitaja. Yeye ni udaktari tu mdomoni.

Mwl. Kessy: Basi Fizikia irudiwe. Mtahiniwa wa kujitegemea anajisajili kwenye kituo cha mtihani mwanzoni mwa mwaka, yaani sasa hivi, na mtihani ni Novemba. Ukichelewa unalipa na faini. Halazimiki kurudia yote tisa. Arudie Fizikia, na Hisabati akiweza, na Kemia kama anataka kuipandisha. Akiomba chuo anajaza namba zote mbili za mtihani, ya shule na ya kujitegemea.

Mwl. Kessy: Ila achague kituo chenye maabara. Fizikia ina karatasi ya vitendo, na humo ndimo alama za bure zilimo. Chukua pendulamu. Mwanafunzi anaachia kijiwe na kutamka "moja" hapo hapo. Akifika ishirini amehesabu mizunguko 19, akagawa kwa 20, kila T (muda wa mzunguko mmoja) kwenye jedwali imekuwa fupi. Anapoachia atamke "sifuri". Kisha grafu: kichwa, mihimili yenye vizio, skeli inayojaza karatasi, na slopu ichukuliwe kwa pembetatu kubwa. Ukichora T² dhidi ya urefu kwa mita, slopu inatoka karibu na 4.0. Ikitoka 0.04 ujue umeacha urefu kwenye sentimita. Mtoto anayejua hilo anajisahihisha mwenyewe mle mle ndani ya chumba cha mtihani.

Baba Juma: Mwalimu, hii umeieleza vizuri kweli kweli.

Mollel Mifugo: Habari za jioni majirani. Mama Glory, naona watu wanaruka kutoka udaktari wa watu kwenda famasi, na katikati kuna kitu. Biolojia C na Kemia D ni masomo ya mifugo. LITA Tengeru, chuo cha serikali cha mifugo, ipo hapo njiani kwenda Arusha, wanafundisha afya na uzalishaji wa mifugo. Anaanza astashahada, anapanda hadi stashahada. Ni tiba: kupima joto, kuchoma sindano, kuhimilisha (kupandikiza mbegu), kuzalisha ng'ombe ndama akikwama, kukagua nyama. Na Kilimanjaro ng'ombe wa maziwa wako bandani kila kijiji kuanzia Kibosho hadi Rombo, kazi haimngojei mwajiri mmoja.

Mama Glory: Ng'ombe?! 😳 Nitamwambia, sijui atapokeaje.

Mollel Mifugo: Usimwambie kwa mdomo. Ampate afisa mifugo wa kata, aombe kufuatana naye siku ya kuhimilisha. Aone mrija wa mbegu unavyotolewa kwenye mtungi wa naitrojeni, unavyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 35 hadi 37, na haraka inayotakiwa baada ya hapo. Maji yakiwa ya moto sana mbegu zimekufa, na mfugaji atangoja siku 21 ng'ombe arudi kwenye joto la kutaka dume. Akitoka pale atakuwa anajua kama anaipenda au la.

Msuya Umeme: Na vyuo vya ufundi stadi, VETA, je? Mbona hamuitaji? Mnaitaja watoto wakishindwa kila kitu, si sawa.

Mama Glory: Tuambie kaka.

Msuya Umeme: VETA ya serikali ada ilivyozoeleka ni 60,000 kwa mwaka kutwa na 120,000 bweni. Vifaa, sare na chakula cha kutwa ni juu yenu. Kasoro yake ni muda: fomu za kozi ndefu hutoka kabla mwaka haujaisha na masomo yanaanza Januari. Sasa hivi zilizobaki ni kozi fupi. Ngazi ni tatu, ya kwanza hadi ya tatu, na mwenye cheti cha ngazi ya tatu anaweza kuomba chuo cha ufundi kama Arusha Technical. Wengi wanaishia ya kwanza kwa sababu wameanza kupata hela za mtaani. Hapo ndipo wanapojifunga.

Msuya Umeme: Nieleze kwa umeme ninaoujua. Kijana wa ngazi ya kwanza anajua kuvuta waya wa milimita za mraba 1.5 kwenye taa na 2.5 kwenye soketi, anafunga swichi, anaweka nyumba. Vizuri. Sasa mteja anataka TANESCO wamwingizie umeme. Inatakiwa kazi ithibitishwe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati. Kijana hana leseni. Anamtafuta mwenye leseni, anamlipa, na akiharibu kazi jina linalosomeka si lake. Leseni inadai cheti cha fani na uzoefu. Kwa hiyo kama Glory au mtoto yeyote anakuja kwenye umeme, aje na mpango wa kumaliza ngazi zote.

Baba Juma: Na wale waliojifunzia gereji tu, bila chuo?

Msuya Umeme: VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Unafanyiwa tathmini ya vitendo, unaongezewa kile usichokijua, unapewa cheti. Mafundi wengi wa Moshi hawaujui.

Baba Juma: Asanteni. Mimi wangu yuko kidato cha sita, anafanya mtihani Mei. Nianze kushughulika na nini?

Rehema Steshenari: Baba Juma, nilikuwa namngoja mtu kama wewe aulize mapema. Anza na cheti cha kuzaliwa LEO. Bodi ya mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo. Uhakiki unafanyika mtandaoni, unapakia picha ya cheti, unalipia, unangoja jibu lenye namba. Julai kila mtu anaomba kwa mpigo na jibu linachelewa. Kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo nacho kinahakikiwa vile vile.

Rehema Steshenari: Halafu linganisha majina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Emanuel, cha kidato cha nne kinasema Emmanuel. M moja tu, na ombi linakwama. Cheti cha mtihani ndicho kiwe kipimo, vingine vikifuate. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo haipatikani kwa siku mbili.

Baba Juma: Jina lake la kati linaandikwa tofauti. Nimeliona sasa hivi.

Rehema Steshenari: Basi umeokoa miezi. La tatu: atumie namba yake ya simu na barua pepe yake, si ya steshenari, si ya mjomba. Akichaguliwa vyuo viwili au zaidi, namba ya siri ya kuthibitisha chuo inakuja kwenye simu hiyo. Wapo wanaokosa nafasi kwa sababu laini imefungwa. Neno la siri aliandike kwenye daftari la nyumbani.

Rehema Steshenari: Fomu ya mkopo ikishajazwa inachapishwa, inasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa na wakili au kamishna wa viapo. Angalia mihuri yote isomeke, maana inaskaniwa na kurudishwa kwenye mfumo. Muhuri wenye wino hafifu ukiskaniwa unageuka doa. Na ahakikishe kila ukurasa umepakiwa, wengi wanasahau ile ya mdhamini.

Baba Juma: Na deni lenyewe?

Mwl. Kessy: Akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Bora ajue kabla ya kusaini.

Mwl. Kessy: Na kabla ya chuo kuna mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Majina yakitoka na kambi yake, anunue bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, soksi nyeusi ndefu, shuka mbili za bluu bahari, na nauli ya kwenda na kurudi. Raba avae nyumbani wiki mbili kabla. Mpya kabisa zinachubua visigino siku ya kwanza ya mchakamchaka.

Mama Glory: Nimesoma yote mara mbili, na Glory amesoma begani kwangu. Anasema Fizikia ataisajili. Na anauliza baba Mollel, siku ya kuhimilisha ni lini 😊

Mollel Mifugo: Haina siku, ng'ombe ndiye anapanga. Aache namba ya simu kwa afisa wa kata, awe tayari kuamka mapema, avae gambuti.

Rehema Steshenari: Mama Glory, kesho njoo na cheti chake cha kuzaliwa tukihakiki kabisa, kitatumika popote atakapoenda. Uje na chenyewe, si nakala kivuli.

Mama Glory: Tulikiwekea plastiki kisichakae. Nikichane?

Rehema Steshenari: Hapana mama, usikiguse, wino utatoka na plastiki. Kilete hivyo hivyo, nitakiskani kwenye mashine. Plastiki hung'aa ukiipiga picha kwa flashi ya simu, si kwenye mashine.