Meza ya kunyanyulia, stendi au jeki ya mkasi: ipi inafaa gereji ndogo ya pikipiki nyumbani?

Boliti_M8

Wakuu, salaam. Gereji ni ya gari moja: upana mita 3, urefu mita 5.5, dari mita 2.5, sakafu ya zege tupu, mlango wa kuinuka juu. Gari linatoka kabisa, ndani inabaki karakana ya pikipiki mbili. Moja ni ya cc 150 yenye stendi ya kati, nyingine ina kilo 210 na stendi ya pembeni tu. Kazi ni za kawaida: oili, cheni na sproketi, breki, tairi, kupima valvu za injini, na foki (miguu ya springi ya mbele) mara mojamoja. Kuchomelea hakuna.

Kwenye kunyanyua nimebaki na njia tatu:

Stendi za nyuma na mbele. Hazili nafasi, zinatundikwa ukutani, lakini kazi yote unaifanya umechuchumaa.

Jeki ya mkasi. Inaingia chini ya injini na kuinua magurudumu yote mawili. Hofu ni pikipiki kuyumba.

Meza ya haidroliki ya kukanyaga kwa mguu, urefu sm 220, upana sm 68, ya kilo 450. Inashuka hadi sm 18 na kupanda hadi sm 80. Raha kwa mgongo, ila inakula chumba.

Swali la pili ni sakafu: epoksi (rangi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili) au vigae vya PVC vya kushikamanishwa? Naomba hoja zenye vipimo.

FundiCheni

Meza, bila kusita, ila kwanza uhakikishe inakaa. Piga hesabu ya upana: sm 300, toa meza sm 68, toa benchi la kazi la kina cha sm 60, zinabaki sm 172. Upande wa benchi acha sm 92, upande wa pili sm 80. Chini ya sm 80 huwezi kuchuchumaa kando ya injini wala kuvuta ekseli ndefu ya nyuma.

Urefu: meza sm 220 na ubao wa kupandia sm 60 ni sm 280. Mbele ya meza acha sm 90 za kushughulikia gurudumu la mbele. Nyuma inabaki mita 1.8, nayo ni fupi kuliko pikipiki yenyewe. Kwa hiyo ubao wa kupandia uelekee mlangoni na pikipiki iingie ikiwa imenyooka kutoka nje. Ukiiweka meza kwa kugeuka, kila upandishaji utakuwa mapambano.

Pima na juu. Meza ikiwa sm 80 na vioo vya pembeni sm 120, umefika mita 2. Mlango wa kuinuka juu ukiwa wazi unaning'inia chini ya dari, na ndio unaogongwa, si dari.

Kuhusu usalama, mambo mawili yanaangusha pikipiki mezani. La kwanza ni kutegemea haidroliki pekee. Sili ya pampu huvuja polepole, kwa hiyo ukifika kimo unachotaka pitisha chuma cha kufungia kabla hujashika spana. La pili ni kusahau kwamba uzito unahama. Ukitoa gurudumu la nyuma, nyuma inakuwa nyepesi na pua inataka kushuka. Ukitoa la mbele, ni kinyume chake. Kabla ya kuinua meza, bana gurudumu la mbele kwenye kishikio, kisha funga mikanda miwili ya ratcheti kutoka kipande cha chini ya usukani kinachoshika foki zote mbili kwenda pande mbili za meza. Kaza hadi foki ibonyee takriban robo ya mwendo wake, basi. Ukiibonyeza hadi mwisho unazibana sili za foki bila sababu.

Upana wa sm 68 ni sahihi. Kwenye zile za sm 55, mguu wa stendi ya pembeni unakanyaga karibu na ukingo.

Nati14

Mkuu FundiCheni yuko sawa kwa anayefungua injini kila mwezi. Kwa orodha ya kazi za mtoa mada, mimi naona stendi zinatosha na nafasi inabaki ya kutembea.

Stendi ya nyuma chukua ya ndoano za V, si ile ya vipande vya mpira vya umbo la L. Ndoano zinashika vibobini (vishikizo vidogo vya mviringo) vinavyofungwa kwenye matundu ya swingamu, yaani mkono unaoshika gurudumu la nyuma, ambayo kwa kawaida ni M6, M8 au M10. Pima uzi kwanza, maana boliti ya uzi usio sahihi itaharibu aluminiamu. Vipande vya mpira vinateleza, hasa swingamu ikiwa na mafuta ya cheni.

Utaratibu haubadiliki: nyuma kwanza, mbele baadaye. Kushusha, mbele kwanza. Ukiinua mbele huku nyuma ikisimama kwa stendi ya pembeni, pikipiki haina kitu kinachoizuia kuanguka.

Stendi ya mbele zipo mbili. Inayoshika chini ya foki inatosha kwa tairi na breki. Kufungua foki zenyewe kunahitaji ile yenye pini inayoingia tundu la shingo ya usukani, kwa sababu ile ya kwanza imekalia kitu kilekile unachotaka kutoa.

Jeki ya mkasi nisingeipa nafasi ya kwanza. Inafaa fremu yenye bomba mbili zinazopita chini ya injini. Pikipiki nyingi za kisasa injini yenyewe ni sehemu ya fremu, na chini yake kuna ekzosi, filta ya oili au sampu (bakuli la oili) ya aluminiamu nyembamba. Sampu ikipasuka, ni kubadilisha kipande kizima. Ukilazimika kuitumia, weka ubao wa mm 20 wenye mpira juu yake, na mikanda miwili kwenda kwenye ndoano za ukutani ili isilale upande.

Ile ya cc 150 iache kwenye stendi yake ya kati. Kipande cha mbao chini ya injini kinainua gurudumu la mbele.

ZegeTupu

Sakafu nimeona mmeipita haraka, na ndiyo isiyorekebishika kirahisi ukishajaza vitu.

PVC: unaweka siku moja, huhitaji kukausha chochote, baridi haipandi magotini. Kasoro ni viungo. Petroli na mafuta ya breki hupenya kati ya vigae na kubaki chini, hunusi hadi siku unayovifungua. Tairi likisimama wiki kadhaa linaacha doa la kahawia lisilotoka, kwa sababu kemikali za mpira huhamia kwenye plastiki. Stendi ya pembeni hubonyea. Weka bamba la chuma la sm 10 kwa sm 10 chini yake. Chagua unene wa mm 7, si mm 5.

Epoksi: haina kiungo, oili unaifuta kwa kitambaa. Lakini inabanduka ikiwekwa ovyo, na karibu kila mara sababu ni unyevu au uso laini wa zege. Zege jipya lisubiri siku 28. La zamani lipime: bandika kipande cha nailoni sm 50 kwa sm 50, ziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, acha saa 24. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, unyevu unapanda kutoka ardhini. Achana na epoksi, weka vigae. Likiwa kavu, toa madoa yote ya mafuta, kisha sugua kwa mashine hadi uso ushike kama msasa. Tindikali inafanya kazi hiyo pia, ila haili palipo na mafuta, na hapo ndipo rangi itabanduka kwanza.

Kiasi: sakafu yako ni mita za mraba 16.5. Epoksi isiyo na maji wala kiyeyusho, kwa unene wa mm 0.25, lita 1 inafunika mita za mraba 4. Tabaka mbili ni lita 8.25, ongeza ya kupotea, nunua 9. Ukishachanganya sehemu zote mbili usiiache ndooni. Mchanganyiko unatoa joto, na ukiwa umerundikana joto hilo linauharakisha kuganda. Mwaga sakafuni kwa mstari, kisha sambaza kwa rola. Nyunyiza mchanga laini wa kuzuia utelezi kwenye tabaka ya mwisho, maana epoksi yenye oili ni hatari kwa miguu.

Kwa gereji ya pikipiki, ikiwa kipimo cha unyevu kimepita, mimi nachagua epoksi.

Mkeka wa mpira wa kawaida usidhani ni njia ya tatu. Unavimba ukiguswa na oili na petroli. Wa nitraili unavumilia.

WayaWaEthi

Kabla ya meza, kabla ya epoksi, kuna umeme na hewa. Hapa ndipo watu huungua.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni. Soketi za ukutani ziwe mita 1.2 kutoka chini. Kompresa iliyokaa sakafuni ina swichi ya presha inayotoa cheche kila inapojiwasha yenyewe. Iweke kwenye rafu imara au nje, na uizime unapofungua tangi au kabureta. Friji na hita ya maji ya gesi visikae chumba hicho. Toboa matundu ya hewa mawili, moja karibu na sakafu, jingine juu ukuta wa mkabala. Injini isiwashwe ndani mlango ukiwa nusu wazi. Hewa ya ukaa ya sumu, yaani monoksidi, haina harufu.

Saketi zote ziwe na kikata umeme cha mA 30 kinachojikata umeme unapovuja. Kompresa ipewe saketi yake, maana mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya ampea zake za kawaida. Ekstensheni ya kuviringisha ikitumika, ifunguliwe yote, la sivyo waya unajipasha moto.

Ukubwa: kujaza upepo na kukalisha tairi kwenye rimu, tangi la lita 24 linatosha. Toa kisindano cha ndani ya valvu ili hewa iingie kwa wingi, paka sabuni ukingo, na usipite bar 3.5. Tairi likigoma, shusha upepo, lilainishe upya. Lita 50 na kuendelea ni kwa spana za hewa, na siku hizi spana ya betri inafanya kazi hiyo. Mabomba ya hewa yasiwe ya PVC. Yakipasuka hurusha vipande vikali.

Taa: mita za mraba 16.5 kwa laksi 500 (lumeni 500 kwa kila mita ya mraba) ni lumeni 8,250, na kwa kuwa nyingi hupotea njiani, lenga 12,000. Ni tyubu sita za LED za sm 120 zenye lumeni 2,000 kila moja, Kelvini 4,000 hadi 5,000. Zipange mistari miwili pembeni mwa meza. Ukiziweka juu ya meza tu, kichwa chako kinatia kivuli pale unapotazama.

Mtungi wa kuzimia moto, povu au poda ABC ya kilo 6, kando ya mlango wa kutokea. Si juu ya benchi.

Boliti_M8

Nashukuru sana. Kipimo cha nailoni kinawekwa leo. Kwa sasa naelekea kwenye stendi ya V na ile ya shingo, huku nikiacha nafasi ya meza. Vifaa vya mkononi je, nianze na nini kisichoepukika?

FundiCheni

Sawa, ila taa na soketi zipange kana kwamba meza ipo tayari, usije ukatoboa upya.

Soketi za spana za mm 8, 10, 12, 13, 14, 17, 19, 22, 24 na 27. Spana za T za 8, 10 na 12. Alenki 4, 5, 6, 8, 10. Bisibisi za JIS (kipimo cha Kijapani) ikiwa pikipiki ni za Kijapani: skrubu yenye kidoti kando ya nyota ni ya JIS, na bisibisi ya nyota ya kawaida inaruka na kuila.

Toki renchi (spana za kupimia nguvu ya kukaza, kwa Nm) ziwe mbili: Nm 5 hadi 25, na Nm 20 hadi 110. Ya pili haiaminiki mwanzoni mwa kipimo chake, na boliti nyingi za M6 zinazoingia kwenye aluminiamu zinataka karibu Nm 10. Humo ndimo nyuzi hung'oka. Usipake oili kwenye uzi kama kitabu cha pikipiki hakijasema. Msuguano ukipungua, Nm zilezile zinaivuta boliti zaidi.

Jiliwa la taya sm 12, lifungwe juu ya mguu wa benchi, si katikati ya ubao. Na pima valvu injini ikiwa ya baridi.