Reki nzima, sili au pampu? Naomba tulinganishe kabla stelingi ya Corolla 110 haijafunguliwa

MkaziWaGoba
Ndugu zangu, naomba msaada wa kulinganisha njia tatu kabla sijatoa fedha. Nina Corolla 110 yenye stelingi ya hidroliki, na tangu masika yaanze imekuwa na milio miwili. Mmoja ni wa kuvuma, unaosikika asubuhi ninapokata kona kutoka getini, na unazidi nikiukata usukani hadi mwisho. Mwingine ni wa kugonga, ko-ko-ko, unaotoka chini upande wa kushoto ninapopita kwenye mashimo ya njia yetu ya ndani, hata kama usukani umenyooka. Fundi wa kwanza anataka tununue reki nzima (chuma chenye meno kinachogeuza magurudumu usukani ukizungushwa) iliyotumika kule Gerezani, Dar es Salaam, wa pili anasema sili za reki, yaani mipira inayozuia oili isivuje, zinatosha, na wa tatu ameilaumu pampu ya oili ya stelingi bila hata kufungua boneti. Nani yuko karibu na ukweli?

MzeeWaSpana
Kijana wangu, hakuna hata mmoja kati yao aliyekwisha kupima, kwa hiyo bado hujafika mahali pa kulinganisha bei. Milio hiyo miwili itenganishe, kwa sababu kuvuma ni habari ya oili na pampu, ilhali kugonga ni habari ya chuma kilichopwaya.

Anza na kuvuma. Washa injini, zungusha usukani mara kadhaa hadi oili ipate joto, kisha angalia kiwango chake kwenye tangi dogo la stelingi. Zima injini uangalie tena. Kiwango kikipanda zaidi ya milimita 5 hivi, au oili ikiwa na povu na rangi ya maziwa, ndani mna upepo, na pampu inalia kwa sababu ya upepo huo, wala si lazima iwe imekufa. Fuata mipira yote, hasa ule wa kunyonya unaoshuka kutoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu, maana huo ukipasuka kidogo huvuta upepo kabla hujaona tone chini ya gari. Ukishaurekebisha, ongeza ATF ya Dexron (ndiyo oili ya stelingi), inua magurudumu ya mbele kwa jeki na stendi, kisha zungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, ndipo uwashe na kurudia hadi povu liishe. Mlio ungekuwa wa kukwaruza kwa sauti kali ningekwambia uangalie mkanda kwanza, lakini wewe umesema unavuma.

Kwa kugonga, inua gurudumu la kushoto, ulishike kwa mikono miwili, kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza hivyo, shaka iko kwenye tairodi, yaani fimbo inayounganisha reki na gurudumu. Likicheza unapolishika juu na chini, tafuta boljointi (kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu) au bearingi. Kisha lishushe, mwenzako autikise usukani kidogo kidogo nawe uweke mkono kwenye kila kiungo, maana mkono huhisi kile ambacho sikio hukosea. Usisahau linki za stablaiza, vile vifimbo vya fito inayozuia gari kulala kwenye kona, kwani hizo hugonga kwenye mashimo hata usukani ukiwa umenyooka.

DadaWaTabata
Naomba niongeze kuhusu reki iliyotumika, kwa sababu mimi nilipitia njia hiyo. Reki niliyouziwa ilianza kuvuja baada ya muda mfupi, na nilikuwa nimekwisha kulipa ufundi wa kuitoa na kuirudisha. Kaka, ukilazimika kununua, izungushe kwa mkono mwanzo hadi mwisho ukiwa bado dukani, uhisi kama kuna mahali inapokwama, na ufungue buti za mpira zinazofunika ncha za reki: ukikuta oili ndani, iache hapo hapo. Pia gari likiwa na eabegi, usukani ufungwe usizunguke wakati reki iko nje, la sivyo waya wa ndani ya usukani hukatika.

MwenyeIST
Toyota IST yangu ina stelingi ya umeme, haina oili wala pampu ya kuvuma, hivyo sehemu ya kwanza hainihusu. Mlio wa kugonga, hata hivyo, niliwahi kuupata, na ulitokana na jointi ya mhimili unaotoka kwenye usukani kwenda kwenye reki. Niliuhisi mikononi zaidi kuliko miguuni.

MkaziWaGoba
Ahsanteni sana. Mzee, fundi wa pili amependekeza pia tukaze nati ya kurekebisha iliyo kwenye reki, ile inayobana meno yake, ili kugonga kupungue. Ni salama?

MzeeWaSpana
Isikazwe kwa kubahatisha. Meno ya reki huisha zaidi katikati, kwa sababu huko ndiko usukani unakokaa muda mwingi. Ukiikaza hadi katikati pasigonge, pembeni itabana, na usukani hautarudi wenyewe baada ya kona. Hilo ni la hatari kubwa kuliko mlio. Na kuhusu sili, hubadilishwa reki inapovuja. Ikiwa mhimili wake una vishimo vya kutu, sili mpya zitakatwa upesi, na hapo ndipo reki nyingine inapokuwa na maana.

MkaziWaGoba
Tumepima leo. Injini ilipozimwa oili ilipanda karibu sentimita moja, ikiwa na povu. Mpira wa kunyonya ulikuwa na ufa mwembamba chini ya klipu, wenye unyevunyevu tu, bila kudondosha. Tumebadilisha mpira na klipu, tukatoa upepo kama ulivyoelekeza, na kuvuma kumekwisha. Kugonga kulikuwa kwenye tairodi ya ndani ya kushoto: buti lilikuwa limechanika na ndani mlijaa tope, lakini hamkuwa na oili hata kidogo, kwa hiyo sili ni nzima. Tumeweka tairodi mpya na buti mpya. Kesho asubuhi ninapeleka gari kwenye alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, kwa kuwa sasa usukani unakaa upande kidogo ninapokwenda moja kwa moja.