Msimamizi wa mashamba ya kabaila Uingereza enzi za Victoria, maisha yake yalikuwaje?

mwana_ngamiani:
Wadau habari za jioni. Niko Tanga, kazi yangu udalali wa viwanja na nyumba, nazunguka Ngamiani mpaka Pongwe. Nimeanza kusoma historia ya Uingereza ya karne ya 19 nikakutana na hawa jamaa waliokuwa wanawasimamizia makabaila mashamba yao, ofisi ziko kwenye vimji vya soko. Anayejua anieleze, siku yake ilikuwa inaendaje na watu walimchukuliaje? Manake sisi huku unamtembeza mteja Mikanjuni Chumbageni jua la utosi, dili isipofunga unarudi mikono mitupu, yeye nasikia alikuwa na mshahara na nyumba juu.

bi_mkonge:
Kaka huyo usimuweke kwenye udalali. Dalali watu wakishamalizana anachukua chake anaondoka, huyu alikuwa anabaki na wapangaji wale wale miaka nenda rudi. Asubuhi yuko juu ya farasi anakagua mageti, ua za miti, mapaa ya mabanda, mitaro ya kutoa maji shambani, siku ya soko yuko mjini maana wakulima wote wanakuja na kila mtu ana shida yake. Kodi ilikuwa inaangukia mara mbili kwa mwaka, tarehe 25 Machi na 29 Septemba, ikifika siku ya kukusanya anakaa na daftari lake kubwa, mara nyingi kwenye hoteli ya pale mjini, mkulima anaingia kofia mkononi anahesabu hela mezani jina linawekewa alama, halafu wote wanakaa kula nyama na bia kwa gharama ya mwenye ardhi. Hiyo karamu mi naona ndo ilikuwa ngumu kuliko yote, unakula meza moja na mtu anayeweza kukutoa shambani.

Na sio wote walikuwa na mshahara, mashamba madogo yalishikwa na mawakili wa mjini, wengine wanakata asilimia kwenye kodi waliyokusanya.

mzee_wa_korogwe:
Mwanangu, mimi nimekulia kwenye shamba la mkonge, baba alikuwa karani, kwa hiyo haya nayaelewa. Kwetu meneja ndo alikuwa kila kitu, nyumba unayolala yake, kazi yake, ukikorofishana naye umekosa vyote siku moja. Kule nako mpangaji wengi walikuwa wa mwaka kwa mwaka, notisi miezi sita tu, mbolea na mitaro aliyoweka kwa jasho lake anaiacha pale pale. Sheria ya 1875 ikasema alipwe fidia lakini wenye ardhi waliruhusiwa kuikwepa kwenye mkataba, ikabidi ije ya 1883 ndo ikawabana.

Halafu kumbuka mwaka 1879, mvua ilipiga mazao yakaharibika na ngano ya Marekani inaingia kwa bei ya chini, mkulima hana kitu. Hapo msimamizi yuko katikati, bosi anataka kodi yake yote na yeye ndo anayeyaona mashamba kwa macho. Aliyekuwa na utu alimwandikia bosi apunguze, na mimi namheshimu huyo mpaka leo.

mwana_ngamiani:
Shikamoo mzee, ahsante sana. Sasa aliyekosa utu ilikuwaje, watu walinyamaza tu?

bi_mkonge:
Ireland hawakunyamaza. 1880 kule Mayo kulikuwa na Kapteni Charles Boycott anasimamia ardhi ya kabaila mmoja, Lord Erne, wapangaji waliomba kodi ipungue asilimia 25 wakapewa 10, walipoanza kupelekewa notisi za kuondoka mji mzima ukamsusia, vibarua wakaacha kazi, maduka hayamuuzii. Ikabidi waletwe watu kama 50 kutoka Ulster, kaskazini mwa Ireland, kumvunia, wakilindwa na askari wengi, gharama ya ulinzi ikazidi mazao yenyewe mbali kabisa. Mwaka haujaisha akaondoka. Na hawakumgusa hata kofi.

mzee_wa_korogwe:
Marahaba. Ongezea na kura. Kabla ya 1872 mtu alikuwa anataja mgombea wake kwa sauti mbele za watu, na msimamizi anajua nani amemchagua nani, unafikiri mpangaji wa mwaka mmoja angethubutu? Soma hiyo sheria ya kura ya siri ya 1872 halafu urudi kwenye mambo ya kodi, utaelewa kwa nini walimuogopa.